Pua ya Rada

Dobi alizaliwa na pua ambayo hakuiomba. Akiingia chumba chenye watu kumi alijua nani kavaa soksi za jana na nani za juzi, na akishika shati la mteja alijua, bila kuuliza, kama mwenyewe alilala kwake au kwingine. Kazi ilimfaa kwa sababu hiyo. Alikuwa na kinyaa, na kinyaa hicho ndicho kilichomlisha yeye, mkewe na, huu mwaka wa pili sasa, shemeji yake.

Shemeji alikuja kukaa wiki mbili. Waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakukutana na mtu wa aina hii. Ukimpa jembe atakusimulia alivyowahi kulima ekari kumi peke yake, kisha ataliegemeza ukutani na kuuliza chai iko wapi. Alinusa ugoro tangu kuamka mpaka kulala. Alipiga chafya, akajifuta kwa kiganja, na kiganja hichohicho kikashika kitasa, kikombe na mkate wa watu wote. Dobi alitembea nyuma yake na kitambaa, akifuta. Mkewe aliona akanyamaza, maana kaka ni kaka.

Safari hii Shemeji alikuwa na mpango. Kulikuwa na kikundi cha wasasi kilichopewa kibali cha kupunguza nguruwe mwitu waliokuwa wanafukua mashamba ya nje ya mji, na kikundi kilitaka mtu mwenye mbwa anayejua kufuata harufu. Mbwa wa windo aliyefundishwa aliuzwa bei ya ng'ombe. Lakini kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, mbwa walitolewa karibu bure.

"Mbwa ni pua tu, shemeji," alisema huku akigonga kopo la ugoro. "Pua kila mbwa anayo. Kinachobaki ni kumfundisha, na hilo mimi nimezaliwa nalo."

Basi dobi akawasha pikipiki yake ya magurudumu matatu, ile ya kupelekea nguo, wakaenda. Kituoni alijiziba pua kwa leso. Leso hiyo, kama kila kilichotoka kwake, ilinukia mafuta ya mkaratusi; matone matatu katika maji ya mwisho ya kusuuza ndiyo yaliyomtofautisha na madobi wengine wote mjini. Siku hiyo hayakumsaidia. Mikojo, dawa ya kupe, chakula kilichochacha na manyoya yaliyolowa vilimwingia mpaka kooni.

Mbwa aliyechaguliwa alikuwa jike mwenye masikio marefu, moja limechanika. Udenda ulimning'inia pande zote mbili za mdomo, na kila alipotikisa kichwa ukuta ulipata sehemu yake. Shemeji akampa jina palepale: Rada.

Mhudumu wa kituo, mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira, alisoma kadi. "Huyu amerudishwa mara mbili. Kwanza alikula viatu, halafu akala kuku wa jirani. Akirudi mara ya tatu hatoki tena, anachomwa sindano siku hiyohiyo. Nataka mlielewe kabla hamjaweka saini. Anasaini anayemchukua na anasaini mwenye nyumba. Hata kumrudisha, ni wote wawili."

"Harudi huyu," alisema Shemeji.

Dobi alisaini haraka ili atoke nje akapumue.

Mafunzo yalianza kesho yake. Shemeji alipewa na Mwenyekiti wa wasasi kipande cha ngozi ya nguruwe mwitu, kikiwa bado na mafuta upande wa ndani. Akakifunga kamba. Kila asubuhi alikiburuta kutoka mlango wa nyuma, akapita kwenye kiwanja kitupu, akazunguka magofu ya ghala, akakificha. Kisha alimfungulia Rada na kusema, "Tafuta." Rada akikipata alitakiwa kukaa chini na kubweka mara tatu, si mbili, si nne. Hapo ndipo alipata malipo yake, kipande cha utumbo kutoka kwenye kopo la rangi lililoshinda juani. Dobi alilichungulia mara moja tu. Humo ndani vitu vilikuwa vinatembea. Mchana huo hakula.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini mazoezi yakiisha, Shemeji aliitundika ile ngozi kwenye waya wa kuanikia nguo, na upepo ukafanya kazi yake. Siku ya nne mwenye nyumba ya wageni alirudisha shuka sita. Hakugomba. Aliziweka mezani akasema, "Fundi, zinanuka zizi," akaondoka. Katika miaka kumi na tisa dobi alikuwa hajawahi kurudishiwa hata leso.

Aliongea na Shemeji kwa ustaarabu. Shemeji akacheka mpaka ugoro ukamtoka. "Harufu ndiyo masomo, shemeji. Ukimnyima mwanafunzi kitabu atasoma nini?"

Jioni hiyo dobi alivaa glavu, akaishusha ile ngozi kama mtu anayeshusha maiti ya panya, akaitia kwenye beseni. Aliisugua kwa sabuni, akaisuuza mara mbili, na katika maji ya mwisho mkono wake, kwa mazoea tu, ukadondosha matone matatu. Akaitundika tena. Asubuhi Shemeji aliichukua, akaiburuta, hakushtuka. Pua yake ilikuwa imekufa zamani, ugoro uliizika. Rada ndiye aliyeshtuka. Aliinusa ngozi, akamtazama Shemeji, akainusa tena, kama mtu aliyebadilishiwa swali katikati ya mtihani. Kisha akainamisha kichwa akafuata. Aliipata, akakaa, akabweka mara tatu, akalipwa utumbo.

Tangu siku hiyo dobi aliiosha kila jioni kabla ya chakula. Wazo lilimjia mara moja kwamba huenda anaharibu kitu. Akalifukuza. Mbwa ni mbwa, alijiambia, hahitaji kufundishwa nguruwe ananukaje. Shuka zilikuwa safi, wateja walirudi, na baada ya wiki tatu Rada aliweza kuifuata ile ngozi kuvuka mfereji na barabara ya lami, hata baada ya mvua. Shemeji alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba ameokota almasi jalalani.

Jumamosi walikwenda mashambani. Wasasi saba walikuwa wamefika, suruali za kaki zimenyooshwa pasi, kwa sababu mpigapicha wa gazeti aliahidiwa. Nguruwe walikuwa wametoka muda si mrefu. Mihogo imefukuliwa, kinyesi bado kibichi. Shemeji alimpeleka Rada palepale, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Tafuta."

Rada alinusa. Akarudi nyuma hatua mbili, akakunja uso. Dobi, aliyekuwa amesimama mbali kando ya pikipiki, aliutambua uso ule. Ulikuwa wake mwenyewe.

Kisha mbwa akainua pua juu, upepo ukampa kitu, akachomoka. Wasasi wakapiga mluzi na kumfuata wakiwa na bunduki mikononi. Kichakani wakasikia: mara moja, mara mbili, mara tatu. Walipofika walimkuta Rada amekaa wima mbele ya Mwenyekiti, ambaye alikuwa amejitenga kwa haja yake na bado alikuwa amechuchumaa, suruali safi ya kaki imemkusanyikia miguuni.

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Shemeji alimvuta mbwa, akamrudisha kwenye mihogo, akarudia amri. Safari hii Rada alilibwekea koti la msasi mwingine lililotundikwa tawini. Mwenyekiti na mwenye koti, wote, walikuwa wateja wa dobi.

Dobi alielewa hapohapo. Kusema ilikuwa rahisi, maneno manne tu. Hakusema. Alimwangalia Shemeji akimpiga mbwa teke la mbavu mbele ya watu ili ionekane kosa ni la nani, akaona uchafu ambao hakuna sabuni ya kuutoa, na bado hakusema.

Usiku huo mkewe alisogeza sahani. "Mbona huli?"

"Harufu."

"Ya nani?"

Aliinuka akaenda kunawa mikono.

Jumatatu asubuhi walikuwa tena kituoni mbele ya yule mama wa mabuti. Alichukua kadi, akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Sababu ya kumrudisha?"

"Hana pua," alisema Shemeji, akapiga chafya, akajifuta kwa kiganja.

Mama akaandika neno kwa neno. Shemeji akasaini, akaisukuma kalamu kwa dobi. Kalamu ilikuwa na unyevu. Dobi aliitazama. Saini moja, na waya wake ungebaki na nguo tu, na nyumba ingenuka nyumba. Chumba cha pili mlango ulikuwa wazi. Aliona meza ya bati iliyooshwa, na juu yake kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri.

Shemeji alikuwa ameshaiachia kamba. Rada alizunguka chumba, pua sakafuni. Alipita kwenye mabuti ya mama. Alipita kwenye kiti cha Shemeji bila kusimama, ingawa huyo ndiye aliyemlisha wiki tatu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkunjo wa pasi wa suruali ya dobi, akaugusa kwa pua iliyolowa, akakaa chini. Akabweka mara tatu. Kisha akainua kichwa akasubiri.

"Anataka nini?" aliuliza mama.

"Malipo yake," alisema dobi. "Amemaliza kazi. Mbwa huyu ana pua, dada. Ngozi ya kumfundishia nilikuwa naiosha."

Shemeji aligeuka polepole. "Uliosha ngozi?"

"Kila jioni."

"Kwa sabuni?"

"Na mkaratusi."

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema Shemeji. "Umeniaibisha mbele ya mji mzima, mtu naishi kwako."

"Na wewe umeiburuta wiki tatu kwa mkono wako. Hukunusa?"

Shemeji akatafuta kopo la ugoro. Mama wa mabuti alikuwa ameshaanza kukata mstari juu ya yale maneno mawili. "Sasa niandike nini?"

"Usiandike kitu. Harudishwi."

"Mimi simtaki tena," alisema Shemeji.

"Sijasema wewe."

Shemeji akatoka nje, akaubamiza mlango. Rada hakugeuka. Alikuwa bado amekaa, anasubiri, udenda ukidondoka juu ya kiatu cha dobi kilichopakwa rangi asubuhi hiyo, na alichokisikia dobi rohoni kilikuwa kinyaa kilekile cha miaka yote, ila safari hii kilimgeukia mwenyewe. Alikuwa amekaribia kumwua kiumbe kwa sababu ya shuka sita.

"Una utumbo wowote hapa?" aliuliza.

Mama akamsogezea ndoo kwa mguu. Haikuwa na kijiko, wala dobi hakuwa na glavu. Alikunja mkono wa shati, akaziba pumzi, akazamisha vidole. Utumbo ulikuwa baridi, unateleza. Rada alikula kiganjani mwake, akalamba mpaka kwenye kifundo, akapanda mpaka kwenye mkunjo wa shati.

Machozi yalimtoka dobi kwa kichefuchefu. Mkono wake safi ukaingia mfukoni kutafuta leso, ukaigusa, ukaiacha humohumo. Akiitoa, mbwa angekaa tena chini, angebweka mara tatu, na ingebidi amlipe upya.