Chumvi ya Upako kwenye Pipa la Choo

Jumamosi, Machi 15, 2025. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na matope ya mtaa wa Raila yalishaanza kung'ang'ania viatu. Boaz Shivachi, fundi viatu, alifurahi: siku njema kwa biashara, na njema zaidi kwa sayansi.

Alikuwa akisoma kemia jioni kule Kawangware, mzee mzima kati ya vijana waliomwita Prof. Huko alijifunza kwamba kuna mawe ya volkano yanayonasa amonia, ule ukali wa mkojo unaochoma pua. Akajaza mawe hayo kwenye pipa, akaliunga na bomba la choo cha jamii. Leo Nereah, mwenyekiti wa choo, angekuja na majirani kunusa maji yanayotoka. Yakinuka, choo kingefungwa, na watu wangerudia ndoo na mifuko.

Wiki nzima maji hayakuwa yamenuka. Mwenye akili angeyaacha hivyo. Lakini kwa Boaz, kazi isiyoombewa ilikuwa kazi iliyo uchi. Alfajiri alimimina ndani ya pipa pakiti kadhaa za chumvi iliyoombewa kanisani, akanena kwa lugha, akaenda kunywa chai.

Nereah alipoinama kwenye bomba, machozi yalimtiririka. Akina mama nyuma yake nao wakaanza kulia.

"Roho ameshuka!" Boaz akapaza sauti, mikono juu.

"Roho gani, Baba Sella? Huu ni mkojo!"

Mwalimu Wanza, aliyealikwa aje ajivunie mwanafunzi wake, akaziba pua. "Prof, umetia nini humu?"

"Chumvi, mwalimu. Ya upako."

"Woi! Si nilisema mkojo wenyewe una chumvi ya kuyasumbua mawe? Chumvi hugombania kiti na amonia. Ukimwaga nyingi, amonia inafukuzwa yote. Hivyo ndivyo tunavyoyaosha yakijaa. Umeyaosha mbele ya wageni!"

Kweli, mwalimu alikuwa ameyasema hayo darasani. Hapo ndipo Boaz alipoitikia "Amina!" kwa nguvu, darasa likacheka, naye asisikie yaliyofuata.

"Prof, umetuchoma, umetuaibisha!" jirani mmoja akadakia.

"Basi tufunge?" Nereah akauliza, akijipangusa kwa leso.

Boaz akavua kofia.

"Mwenyekiti, nyinyi nyote mkiwa mashahidi, na Mungu akisikia: leo nitasuuza mawe haya. Kiti changu cha kazi nakihamishia hapa, kando ya bomba. Viatu vyenu nitavishonea hapa hapa, nikinusa wa kwanza, mpaka maji yaache kunuka. Kuomba nitaomba. Lakini chumvi itabaki jikoni, kwa sukuma wiki."