Kinga ya Majenerali

Uliona ukageuza uso. Usikatae. Ulimwona Daw Hnin Yee sokoni Monywa akiuza majani ya chai yaliyochachushwa, ukajua wanajeshi wamemhukumu mwanawe Zeya kunyongwa, ukajifanya unachagua vitunguu.

Tumaini lake lilikuwa moja: serikali ile iondoke kabla ya siku ya kitanzi. Majenerali waliahidi uchaguzi. Waliowatangulia, magwanda yale yale, nao waliahidi, wakang'ang'ania mpaka wakazeeka vitini. Daw Hnin Yee aliyakumbuka hayo yote, lakini angefanyaje? Akaenda kwa mnajimu, Saya Thaung.

Mzee alichora miraba kibaoni kwa chaki, akatafuta nyota ya siku waliyotwaa nchi.

"Wataondoka, mama. Mvua zikikatika, hawapo."

"Usinidanganye, Mwalimu. Nimeshadanganywa na mabingwa."

"Nyota hazilipwi mshahara na serikali."

Alirudi sokoni miguu haigusi chini, akamwambia kila mtu.

"We Hnin, funga bakuli lako!" alifoka Ma Cho, muuza samaki. "Neno kama hilo humezwa."

"Nimemeza miaka yote, Cho. Acha nicheue kidogo."

Neno likafika kambini. Na kwetu, anayeonywa mapema huwahi kuikinga nyota mbaya kwa kafara. Siku chache baadaye mke wa kamanda alipanda hekaluni, kwenye pagoda, na nazi, mikungu ya ndizi na njiwa wa kuachiwa huru. Aliyemwelekeza pa kuweka kila nazi alikuwa Saya Thaung, askari kamganda ubavuni.

Jioni redio ikatangaza: hali ya hatari imeongezwa muda, uchaguzi utasubiri.

Daw Hnin Yee alimvamia mnajimu nyumbani. "Umewapa kinga!"

"Waliweka bunduki mezani, mama. Na habari hawakuipata kwangu."

Daw Hnin Yee alikisukuma kibao cha chaki mbele ya mzee. Kisha akasema polepole, "Basi nipe na mimi kinga. Ya Zeya."

Mzee alifuta kibao kwa kiganja. "Mwanao hana nyota mbaya. Ana watu wabaya. Hao sina dawa yao."

Zeya bado yu hai. Acheni kuulizana majenerali wataondoka lini, kana kwamba ni mawingu. Mama yule amekaa peke yake mbele ya lango la gereza, na walinzi wanamcheka. Weka chini hivyo vitunguu. Toka sokoni, mwite jirani, nendeni mkakae naye. Sasa hivi!