Moshi wa Leo Unaelekea Wapi

"Sauti yangu hii," Mwanarusi alimwambia binti yake, "nikiita hapa Mwabungo, watu wa Galu huitika." Akavuta pumzi ili aonyeshe, kikamtoka kifuani kimluzi chembamba kama cha birika. "Basi. Leo nimemwita paka, naye hakugeuka."

Twaiba alicheka, maana ndivyo alivyotakiwa. Alikuwa amekaa mkekani, kompyuta mapajani, ameigeuza mama yake asiione.

Kazi yake ilikuwa hiyo: kutazama moto kwa picha za setilaiti, kisha kuwapigia simu watu wa vijiji alivyopewa. Msitu wa nyuma ya Mkongani ulikuwa ukiwaka kwa siku ya kumi na tatu sasa. Kila siku saa nne na nusu asubuhi setilaiti ilipita juu ikapiga picha, na adhuhuri Twaiba alikuwa nayo. Moto wenyewe ulionekana doa tu. Kilichotembea ni moshi. Umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara, uliushusha pwani, upepo wa mchana ukaurudisha bara, na kesho yake ukashuka mnene zaidi.

Daktari kule Msambweni hakusema mengi. Kifua cha mama huyu kikibana tena, hatutaweza kumwokoa. Mtoeni kwenye moshi.

Walimtoa. Walimpeleka Kikoneni kwa shemeji yake, na siku ya pili moshi ukafika kama mgeni aliyeelekezwa nyumba. Walimpeleka Msambweni, huko nako moshi ukafika baada ya siku tatu. Wakamrudisha Mwabungo, angalau alale kitandani pake. Na picha ya leo ilikuwa na utando wa kijivu kutoka Ukunda mpaka mpakani. Twaiba aliikuza, akaisogeza huku na huku, akitafuta hata kipande cha kukimbilia. Hakukiona.

Simu ililia, akatoka nayo uani. Alikuwa Kamene, mkulima wa kule milimani.

"Twaiba, si useme tu ukweli. Tuhame ama tukae?"

"Hameni."

"Twende wapi?"

"Sijui, Kamene. Wallahi sijui."

Aliporudi ndani, mama yake alikuwa ameketi wima, mikono magotini, vile anavyoketi anayeitafuta pumzi.

"Moshi wa leo unaelekea wapi?"

Siku ya kwanza ya kurudi Mwabungo Twaiba alimwambia kweli, na hofu ikambana kifua kabla moshi haujafika mlangoni. Tangu hapo jibu lilikuwa moja.

"Baharini, mama. Unatupita mbali."

"Alhamdulillahi. Mbona kifua hakijapata habari?"

"Kitapata."

"Nionyeshe."

Hakuwa amewahi kuomba hivyo. Twaiba alirudi nyuma kwenye picha za juma lililopita, akachagua siku ambayo upepo uliusukuma moshi wote bara. Akaipeleka kompyuta kitandani.

"Mwabungo hii hapa. Tazama palivyo safi."

Mwanarusi alivaa miwani. Kidole chake kilifuata ufuo polepole, kikasimama.

"Na huku kwenye rangi ya mchanga?"

"Ni miamba, mama. Maji yamekupwa."

"Picha ya saa nne na nusu?"

"Ndiyo."

"Ya leo?"

"Ya leo, wallahi."

Mwanarusi alihema mara tatu, mara nne, akikusanya pumzi za kutosha maneno.

"Miamba hiyo nimechokoa pweza miaka arubaini. Leo mwezi una siku nane, maji mafu yasiyopwa sana. Saa nne na nusu bahari imejaa, humo huoni hata jiwe." Akahema tena. "Maji kukauka hivi saa hiyo ni wakati wa mwezi mwandamo. Picha hii ina juma zima, mwanangu."

Twaiba aliifunga kompyuta.

"Na umeniapia," mama yake alisema.