Mstari wa Sita, Neno la Tatu

Kila siku baada ya alasiri Sijaona huingia duka la fotokopi la Tamimu, karibu na stendi ya Kibiti, akavua kandambili mlangoni na kukaa mbele ya kompyuta ya kichogo iliyowekwa pembeni. Ndani yake mna mchezo mmoja tu, wa kulima shamba, na haufunguki mpaka ujibu swali: ukurasa wa 14, mstari wa 6, neno la 3. Walioutengeneza walitaka neno litoke kwenye kitabu kinachouzwa pamoja nao, ili aliyenakili mchezo bila kununua kitabu abaki nje. Ukikosea mara tatu unajizima. Ukaidi mtupu, na wala jembe haujawahi kulishika.

Kitabu alikuwa nacho Haidari, mume wa Sijaona. Kiingereza hakukijua, lakini alikihifadhi chote kama alivyohifadhi juzuu chuoni, kwa sauti, akiyumbayumba. Ukimuuliza ukurasa wa arobaini, anaanzia wa kwanza. Masika ya mwaka juzi mto ulichukua kitabu, nyumba yao ya Chumbi, na Haidari mwenyewe. Mwili haukuonekana.

Mwezi uliofuata Tamimu alisikia spika ya kompyuta ikisoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Neno lililotakiwa lilipofika, aliliandika. Mchezo ukafunguka, na Haidari huyo, juu ya dungu la kulindia ndege pembeni ya shamba, anaua mbu. Tamimu alimpigia Sijaona simu.

"Shemeji, mzee yuko huku. Anauliza kama mmekula."

Tangu hapo ndivyo wanavyoonana. Swali likiwa la kurasa za mbele, wanapata muda wa kuzungumza. Likiwa la kurasa za nyuma, duka hufungwa Haidari akiwa bado njiani, na Sijaona hurudi Mchukwi kwa dada yake bila kumwona.

Wiki hii hakuwa na siku ya kupoteza. Kamati ya kijiji ilikuwa inagawa upya mashamba ya mpunga yaliyofunikwa na maji, na kila mwenye shamba alitakiwa kuleta hati kabla ya Ijumaa. Hati yao ilikwenda na mto. Jumatano alimleta dukani karani wa kamati, jina lake Zaidi. Swali likaja la ukurasa wa 38. Sijaona alikaa, akasimama, akafagia duka lisilo lake, akakaa tena. Zaidi alikunywa soda mbili.

"Baba Mwanaidi," Sijaona alisema mchezo ulipofunguka, "isome hati ya shamba."

Haidari aliisoma yote: namba, hatua, mipaka, majina ya majirani, mpaka doa la chai juu ya muhuri. Zaidi alifuatisha kwa kidole kwenye rejesta yake.

"Hakuna neno lililopungua," alisema. "Sasa hati iko wapi?"

"Imekwenda na maji. Si unajua?"

"Najua. Aliyenipandisha mtumbwini siku ile ni huyu huyu Mzee Haidari."

Haidari alikandamiza dole gumba kwenye kioo, kwa ndani. Alama ikabaki, Tamimu ameifuta hata kwa spiriti, haitoki. Zaidi aliitazama, akasema fomu inataka wino.

"Mali bila daftari, Bi Sijaona," alisema kwa upole, akafunga rejesta. Alimuaga Haidari kwa heshima zote na kumpa salamu za nyumbani.

Ijumaa shamba alipewa mtu mmoja, Husseini, ambaye hajawahi kulikanyaga. Hati anayo, mpya, wino wake bado unashika vidole.

Jumamosi swali lilikuwa la ukurasa wa pili. Haidari alifika upesi.

"Mama Mwanaidi, ndege wameshaanza kushuka kwenye mpunga?"

"Wameanza."

"Basi usikae sana huku. Nenda kaamie ndege, watatumaliza."

"Nakwenda," alisema Sijaona, akabaki palepale kwenye kiti, akimtazama mumewe akirusha kombeo, mpaka Tamimu alipokuja kufunga duka.