Kupima Machungwa

Kazi moja tu ndiyo iliyombakia fundi mstaafu katika nyumba ya binti yake: kukamua machungwa ya asubuhi. Aliwakamulia wote, yeye mwenyewe hakulamba hata tone, kisha akafuta mikono kwa kitambaa na kumpa binti kidole ili apimwe sukari. Kisindano, damu kidogo kwenye mashine, namba. Na kila siku namba ilikuwa juu.

"Baba, umedokoa nini tena?"

"Sijadokoa kitu, mwanangu."

"Kwa hiyo mashine ndiyo inasema uongo?"

Ikaamuliwa kwamba mwongo ni mzee. Kabati la chakula likatiwa kufuli. Binti akampigia shangazi yake simu, sauti juu, mlango wazi: "Kaka yako amekuwa kama mtoto, anaiba sukari." Mjukuu naye akapewa kazi ya kumnusa babu mdomo kila atokapo jikoni. Mtu aliyesomesha watoto kwa kuchomelea vyuma mpaka macho yakaisha nguvu, leo ananuswa! Alipoapa kwa jina la marehemu mkewe, binti alicheka.

"Mama muache apumzike."

Kile kicheko kikamkaa mzee rohoni.

Siku ya kliniki, muuguzi alimwambia anawe kwa sabuni kwanza. Namba ikatoka nzuri. Binti akaomba irudiwe. Ikatoka nzuri tena.

"Nyumbani huwa ananawa kabla ya kupima?" muuguzi aliuliza.

"Anafuta tu. Anakuwa ametoka kukamua machungwa."

Muuguzi akaangua kicheko. "Kumbe mmekuwa mkipima machungwa!"

Njiani binti aliongea habari za joto na foleni. La kuomba radhi hakuligusa. Walipofika, akaliondoa kufuli kimyakimya.

Kesho yake mzee alinawa mpaka viwikoni, akanyoosha kidole.

"Unaona, baba? Tunaendelea vizuri."

Tunaendelea! Mzee alitamani kulia kwa hasira. "Sasa mpigie shangazi yako umwambie mimi si mwizi."

"Jioni, baba. Nachelewa kazini."

Akabeba mkoba, huyo. Wakati wa kumchafulia babake jina, muda ulikuwa tele.

Mzee akabaki amesimama jikoni na kitone cha damu kidoleni. Mjukuu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia lolote, akaja mbio, akapanda juu ya kiti na kusogeza pua. Babu akafungua mdomo.