Uamuzi wa Banda la Mbele

Wanunuzi wa mayai walimbandika jina la Mizani, na wala hakuchukia. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Akipatwa na jambo zito alianza kutembea, huku na kule, midomo ikimchezacheza, mpaka jibu lije. Na lilikuja, tena la maana, ndiyo sababu mdogo wake alipopunguzwa kazini alikuja na kiinua mgongo chote akajenga banda lake la kuku nyuma ya lile la dada. Hakubakiza hata cha kuanzia upya.

Jumatano, kuku wa banda la mbele, la Mizani, wakaanza kupinda shingo.

"Mdondo huu, unaambukiza upesi," alisema daktari wa mifugo. "Teketeza wote wa banda hili, leo. La nyuma bado zima, tunaweza kuliokoa."

"Nipe mpaka Jumatatu nifikirie."

"Mama, si mimi wa kukupa, ni ugonjwa."

Lakini kuku wale ndio waliomsomeshea watoto. Mtu anawachomaje tu kama takataka? Akapiga marufuku mtu yeyote kuvuka kutoka banda moja kwenda jingine: mdogo wake alishe wake, yeye wake. Kisha akafikiri, na tuseme ukweli, alifikiri vizuri kuliko siku zote. Alipima hasara, akapima wateja, akaupima hata moyo wake mwenyewe, nao ulimtia aibu. Jumatatu asubuhi alikuwa na jibu: achome lake, lipone la mdogo wake, walee vifaranga pamoja. Uamuzi ule haukuwa na dosari.

Alimkuta mdogo wake kwenye mlango wa banda la nyuma, kapakata kuku mwenye shingo iliyopinda.

"Nani kaingia humu?" Mizani alifoka. "Si nilikataza?"

"Wewe, dada."

"Mimi?"

"Kila jioni. Unakuja, unakaa kwenye ndoo, unawaza. Nilikuona umezama, nikasema nisikukatishe."

Mizani akayatazama mabuti yake. Kinyesi cha banda la mbele kilikuwa kimegandia kwenye nyayo. Alitamani atukanwe, apigwe hata kibao.

"Sasa tufanyeje, dada?"

Mizani akaanza kutembea, huku na kule. Mdogo wake akaketi kizingitini, kuku bado yumo mapajani.

"Fikiria tu, mimi nitasubiri," alisema, na kweli hakuwa na kitu kingine cha kufanya.