Wodi Iliyopumua Mara Kumi na Sita

Nilipata cheti changu cha kozi ya sayansi nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na siku hiyo hiyo nikakitia kwenye fremu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikitoka jioni chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, vidole vimenyauka kwa sabuni, nikienda kuketi darasani na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Walimu wawili walinisifu. Mmoja wao alinisifu mara mbili. Maneno yake nayakumbuka yote, ila sitayaandika hapa, maana mke wangu amesema akiyasikia tena atahama nyumba.

Cheti kile ndicho kilichonifungulia mlango wa mafunzo ya uuguzi, na niliingia nikiamini kwamba uuguzi ulikuwa ukinisubiri mimi. Nilijua mapafu yanavyotanuka na damu inavyochukua hewa, na nilikuwa tayari kumweleza yeyote aliyesimama karibu. Wanafunzi wenzangu wakaniita Profesa. Nililipokea jina hilo kwa unyenyekevu, yaani nilijifanya sikulisikia ili walirudie.

Kisha tukapelekwa wodini kwa wiki sita za mazoezi. Kila mmoja alipewa kitabu kidogo cha kijani, na kila kazi ina mstari wake: kutandika kitanda chenye mgonjwa, kuosha kidonda, kupima joto, kuhesabu mapigo ya mshipa, kuhesabu pumzi. Msimamizi akiridhika, anatia saini. Mstari mmoja ukibaki mtupu, mafunzo yako yameishia hapo. Mimi nilijua vizuri ningeishia wapi: ghorofa ya chini ya jengo lile lile, kwenye mashuka. Siku niliyowaaga wenzangu wa mashuka, mmoja wao alinishika bega akasema, "Aproni yako tunaiacha kwenye msumari. Hatuichukui. Huwezi kujua."

Msimamizi wetu alikuwa Sista Mkuu wa wodi ya wanaume, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyo na sauti. Ulikuwa ukigeuka tu, yupo. Kufikia wiki ya tano alikuwa amenitilia saini mistari yote isipokuwa ule wa pumzi, nami nilidhani ameuacha mwisho kama mtu anavyoacha nyama pembeni mwa sahani.

Kwa kuhesabu pumzi, lazima niseme, nilikuwa na mtindo wangu. Niliona ni aibu mtu msomi kumpima mgonjwa bila kumwelimisha. Nilikuwa nasimama kando ya kitanda, nakohoa kidogo, halafu naanza: "Mzee wangu, sasa nitahesabu pumzi zako kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara kumi na mbili na ishirini. Kumi na sita ndiyo maridadi." Kisha nachukua foronya na kuwaonyesha jinsi pafu linavyojaa na kunywea. Walinipenda. Aliyenipenda zaidi alikuwa mgonjwa wa kitanda cha saba, fundi cherehani aliyeletwa na homa na kikohozi, ambaye kila siku aliuliza lini ataruhusiwa kwenda nyumbani.

"Kumi na sita, mwalimu?" aliniuliza.

"Kumi na sita, Fundi."

"Haya. Hesabu."

Nikahesabu kumi na sita. Kitanda cha nane, kumi na sita. Cha tisa, kumi na sita. Nilijiambia kwamba huenda elimu peke yake ni dawa.

Asubuhi ya Jumatano Sista Mkuu aliniita mezani kwake, chati zote zimepangwa mbele yake.

"Profesa, hii ni wodi au kwaya?"

"Sijakuelewa, Sista."

"Wanaume kumi na mmoja. Huyu ana pumu. Huyu kapasuliwa tumbo jana. Huyu anakoroma mpaka dirisha linatikisika. Na wote wanapumua mara kumi na sita."

"Nilihesabu kwa saa, Sista. Dakika nzima kila mmoja."

"Unawaambia unahesabu?"

"Nawaelimisha."

Akafumba macho kidogo. "Moyo mtu hawezi kuuamuru. Pumzi anaweza. Akijua tu unamhesabia, anashika usukani. Hilo hawakukufundisha kwenye hiyo kozi yako?"

Walinifundisha. Liliulizwa kwenye mtihani, na nilipata alama zote.

"Ukimaliza mapigo, mkono usiuachie," akasema. "Vidole viache pale pale, adhani bado unahesabu mshipa. Macho yako kifuani. Na mdomo, Profesa, ufunge. Anza na kitanda cha saba."

Fundi alikuwa ameegemea mito mitatu. "Mwalimu! Leo somo gani?"

Nikamshika mkono, nikatazama saa.

"Mbona kimya? Umefiwa?"

Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya masomo. Maneno yalinijaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Alipoona sina mazungumzo, akageuza uso dirishani, akanisahau. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Mabega yalikuwa yanapanda kila pumzi. Kibonyeo cha shingoni kilikuwa kinaingia ndani kama kinavutwa na uzi. Midomo ilikuwa imepauka. Nikafika thelathini na nne.

"Kumi na sita, au siyo?" akauliza nilipoandika.

"Thelathini na nne, Fundi."

"Ah, mwalimu! Unaniuza! Daktari anapita saa nne, leo ndiyo nilikuwa natoka."

"Na jana?"

"Jana nilijikaza. Si wewe uliyenipa namba?"

Nilitembea hadi mezani kwa Sista, karibu nikimbie. Daktari alikuja kabla ya saa nne. Picha ya kifua ilionyesha upande mmoja umejaa maji. Wakamtoa maji yale kwa sindano ndefu, wakamwekea oksijeni na dawa ya mshipani, na siku ya tisa akatoka kwa miguu yake. Mlangoni alimwambia binti yake, huku akininyooshea kidole, "Huyu ndiye aliyenifundisha kudanganya."

Mstari wangu ulibaki mtupu. Nyumbani mke wangu alitaka kujua kwa nini, nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika meza.

"Miaka yote hii nakuambia ukinyamaza utaona kitu," akasema akijifuta macho. "Kumbe mimi nilidhani nazungumzia ndoa."

Siku ya mwisho ya wiki ya sita, Sista Mkuu alinipeleka kwa mgonjwa mpya aliyevunjika mguu. Yeye akasimama upande wa miguu, kitabu changu cha kijani mkononi. Nikamshika yule bwana mkono, nikamaliza mapigo, nikaacha vidole vyangu pale pale. Hata salamu yake ya pili sikuiitikia, na watu wa rika langu wanajua hilo ni zito kiasi gani. Dakika ilipokwisha tukatoka hadi koridoni.

"Ngapi?"

"Ishirini na mbili, Sista."

"Mimi nimepata ishirini na tatu."

Nilijua kosa lilikuwa wapi. Alianza kuhesabu wakati pumzi ilikuwa katikati, na nilikuwa na maelezo ya sehemu tatu, pamoja na mfano. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kalamu yake ilikuwa hewani, juu ya mstari wangu, haishuki wala haiondoki, na yeye alikuwa akinitazama kifuani.

Nikaufunga mdomo.

"Ndiyo, Sista," nikasema.

Akatia saini, akanirudishia kitabu, akaondoka na viatu vyake visivyo na sauti. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na minne tangu siku ile, na hakuna niliyewahi kumwambia hili isipokuwa mke wangu, ambaye ameomba nisilirudie. Zilikuwa ishirini na mbili.